Mama Ndiye Aliyenijibia

Nilipomwambia mama, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinjika maji ya moto. Hakupiga kelele wala hakulia. Aliniogesha kama mtoto nyuma ya nyumba ya dada yangu kule Nkololo, akanisugua mgongo kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha. Kisha akachukua kitenge nilichokuwa nimevaa, na gauni, na nguo za ndani, akavifua mara mbili na kuvianika mwenyewe. Kwa muda mrefu niliamini kwamba yale yalikuwa mapenzi, na huenda yalikuwa. Ila kufikia jioni ile hakikubaki kitu chochote cha kuonyesha nilichotendewa, isipokuwa mwili wangu, nao ulikuwa umeshaanza kukaa kimya.

Hapa nitajiita Minza. Majina ya ndugu zangu nayo nimeyabadili. Ni fundi cherehani, naishi Somanda na mume wangu Masanja na binti yetu mdogo. Sasa nalala, nakula, nashona. Naandika kwa ajili ya wale wanaozunguka na ugonjwa usio na jina kama nilivyozunguka mimi. Tendo lenyewe sitalieleza. Nimeshalieleza mahali panapostahili.

Dada yangu Kwandu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na yeye alinilea nusu na mama, kule kwetu Mwamapalala. Alipojifungua mtoto wake wa tatu, mimi na mama tulikwenda Nkololo kumtunza. Ilikuwa wakati wa kupulizia pamba dawa. Asubuhi moja mama na Kwandu walimpeleka mtoto kliniki. Mimi nilibaki kupika uji wa mzazi. Shemeji, mume wa Kwandu, alirudi kutoka shambani kabla ya wakati wake, bomba la dawa bado liko mgongoni. Alikuwa mkulima anayeheshimika, mzee wa kanisa, mtu anayesuluhisha ugomvi wa watu wengine. Nilimsalimia. Nilikuwa nimeinama kwenye jiko.

Mama aliporudi alinikuta nimekaa chini ghalani. Nilimwambia kwa maneno machache. Baada ya kuniogesha alinishika mabega, akaninong'oneza kwa Kisukuma, maana Kwandu alikuwa chumbani akinyonyesha.

"Ng'wanone, mwanangu, dada yako hajamaliza arobaini. Akilisikia hili maziwa yatamkauka. Kichanga kile kitakufa. Unataka kumuua mtoto wa dada yako?"

Nikasema, "Hapana, mayu." Kwetu mama ni mayu.

"Basi nyamaza. Mimi ni mama yako. Nitajua la kufanya."

Jioni ile nilimpakulia shemeji chakula. Nilimnawisha mikono. Tulikaa siku nne zaidi, kwa sababu mama alisema tukiondoka ghafla watu watauliza. Nilimsubiri afanye hilo alilosema atajua kulifanya. Tulipofika stendi ya Bariadi aliniaga, akapanda gari la kwenda kwake Mwamapalala, na hakuwa amefanya lolote.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Vidole vilikufa ganzi, sindano ikawa inanichoma na mimi nashangaa kuona damu kwenye kitambaa cha mteja. Halafu tumbo. Jirani yetu alikuwa na dumu la dawa ya pamba barazani, na upepo ukigeuka tu, natapika. Nilikonda mpaka sketi zangu nikazifunga kwa kamba. Nywele zilitoka na kitana. Miezi miwili sikuona siku zangu, na katika miezi ile miwili niliishi na hofu ambayo siwezi kuiandika. Nilipopimwa, sikuwa na mimba. Mwili ulikuwa umesimama tu, kama saa iliyoanguka.

Masanja akinigusa bega nashtuka. Siku moja alinijia kwa nyuma kunipokea ndoo, nikampiga kiwiko cha mdomo, akatoka damu. Alijifuta kwa mkono wa shati. Kisha akauliza, taratibu, "Kuna mwanaume mwingine?" Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Tangu hapo akahamia kulala na mtoto.

Aliyempigia simu mama ni Masanja. Alimwambia, mayu, mwanao anaisha. Mama akaja siku ileile na kikapu cha michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando. Alikaa kwetu miezi mitatu. Alinipikia, alinifulia, alinichana hizo nywele chache zilizobaki. Majirani waliniambia nina bahati ya mama.

Na ni mama aliyenipeleka kila mahali. Tulikaa kwenye mabenchi ya zahanati, tukiwa na kadi mkononi, kati ya wanawake wenye watoto wanaokohoa. Tulikaa kwenye mkeka wa mganga wa kienyeji na kwenye viti vya plastiki vya maombi. Kila tulipofika, anayehudumia aliuliza swali lilelile: "Tatizo lilianza lini?" Mimi nilifungua mdomo. Mama akajibu.

"Alipigwa na jua shambani."

"Ana malaria sugu huyu, tangu utoto."

"Ni mawazo tu, daktari. Mume wake hamjali."

Hilo la mwisho mama alilisema Masanja akiwa nje ameshikilia baiskeli aliyonibebea. Mganga aliposema kuna mtu wa ukoo ananichukia, mama alikubali kabla yule mzee hajamaliza sentensi. Nilinyweshwa dawa za malaria, za taifodi, za vidonda vya tumbo, na mizizi ambayo sijui jina lake. Nilizinywa zote. Mkono wa mama ulikuwa juu ya goti langu, na nilipotaka kusema, mkono ule ulikuwa mzito.

Sijamaliza kulielewa jambo hili hata leo. Shemeji alinitenda siku moja. Mama alinitazama nikiyeyuka kwa miezi, akijua. Mara nyingi nilimchukia kuliko yule mwanaume.

Pamba ilikuwa inavunwa tulipofika hospitalini. Benchi lilikuwa limejaa, tukasubiri tangu saa moja hadi adhuhuri. Muuguzi aliyepima presha alikuwa mama mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Akaniuliza lilianza lini. Mama akaanza, "Huyu alipigwa na..."

Muuguzi akamkata. "Mama, mgonjwa ana mdomo."

Mama akaondoa mkono wake gotini kwangu.

"Hebu kanisubirie nje kidogo. Kuna kiti pale."

"Mimi ni mama yake."

"Naona. Ndiyo maana nakuomba vizuri."

Mlango ulipofungwa, hakuniuliza kuhusu malaria. Alivua miwani, akaiweka mezani, akasema, "Kuna mtu alikuumiza?" Nilitikisa kichwa kukataa. Akasubiri. Aliendelea kusubiri huku watu wakigonga mlango. Nikasema, "Shemeji yangu." Maneno mawili.

Alinipeleka mwenyewe kwenye chumba kilicho mwisho wa korido. Mlango haukuwa na kibao. Ndani kulikuwa na viti vitatu, dirisha linaloangalia ukuta, na mshauri, dada mmoja mwembamba anayeitwa Veneranda, mtu wa Kagera, mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimezoea kutafuta pa kulipia, nikamuuliza dirisha la malipo liko wapi.

"Huduma hii hailipiwi," akasema. "Kwako, na kwa mtu wako wa karibu ukitaka aje."

"Kwa nini bure?"

"Kwa sababu hukuagiza ugonjwa huu."

Sikumwamini. Wakati ule kila mtu aliyekuwa mwema kwangu nilimwangalia mara mbili.

Siku ileile nilipimwa damu. Pale ndipo nilipoambiwa kwamba kuna dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi, na kwamba ni lazima zianzwe ndani ya siku tatu. Siku tatu! Mimi katika siku zile tatu nilikuwa Nkololo namnawisha mikono. Niliambiwa pia kwamba anayetendewa hivi anapaswa kwenda kutibiwa kabla hajaoga, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko, zisifuliwe. Nilikumbuka kitenge changu kwenye kamba. Majibu yalipotoka sikuwa na virusi. Nililia kwa mara ya kwanza, pale kwenye benchi, na mfanyakazi wa usafi akaacha fagio lake akakaa pembeni yangu bila kuuliza neno. Baadaye kila nikija alinisalimia, "Mwangaluka!", akanisogezea kiti kivulini. Sikuwahi kumweleza chochote, na hakuwahi kutaka kujua.

Nilikwenda mara moja kila wiki. Mama nilimwambia arudi Mwamapalala. Alifunga kikapu chake bila kuuliza kwa nini, na nikajua kwamba anajua.

Wiki za mwanzo Veneranda hakutaka nisimulie. Alinifundisha vitu vidogo mpaka nikaona aibu: kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutaja vitu vitano ninavyoviona, kutoa pumzi ndefu kuliko ninayoivuta. Nilidhani ni mchezo. Kisha siku moja sokoni mwanaume mwenye harufu ya dawa ya pamba alipita karibu, na badala ya kukimbia nilisimama nikataja: nyanya, mizani, kandambili, mwavuli, mbuzi. Nilirudi nyumbani na nyanya zangu. Ni jambo dogo, lakini aliyewahi kukimbia soko ataelewa.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Kusimulia, tangu asubuhi ile mpaka maji ya moto. Wiki inayofuata, tena. Na tena. Veneranda alinionya kwamba nitajisikia vibaya zaidi kabla ya kujisikia vizuri, na nilimsikia kwa sikio moja. Baada ya mara ya pili nilitapika kwenye ua wa hospitali, nikakaa siku mbili bila kugusa cherehani. Nilimpigia simu kumwambia sirudi. Akasema, "Sawa. Kiti chako kitakuwepo saa nne." Nilirudi kwa hasira. Mara ya tano, au ya sita, niligundua kwamba nasimulia huku nikisikia redio ya mtu nje. Zamani nikisimulia dunia nzima inazimika.

Siku zangu ziliporudi ilikuwa mwisho wa mavuno. Nilikuwa nashona sare za shule, nikaona, nikakaa pale pale kitini, nikimshukuru Mungu kwa maumivu ya tumbo.

Masanja nilimwambia mle mle chumbani, Veneranda akiwepo. Nilishindwa kwingine. Alisikiliza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa nini hukupiga kelele?"

Nilihisi vidole vinakufa ganzi upya. Huyu naye.

Veneranda akamwambia, "Baba, swali hilo unamuuliza mtu asiyehusika. Yako maswali ya kumuuliza aliyetenda. Mke wako muulize kitu kingine."

Masanja aliizungusha kofia mikononi. Mwishowe akaniuliza, "Unataka nirudi kulala chumbani, au bado?"

"Bado," nikasema.

"Sawa."

Alikuja mara nne zaidi. Mara moja alifika ameshika panga, akitaka kunyoosha moja kwa moja Nkololo, na Veneranda alizungumza naye mpaka alipokubali kuliacha kwa mlinzi. Lakini kwenye ile "sawa" ndipo nilipoanza kumpenda tena.

Nilipopata nguvu nilikwenda polisi, dawati la jinsia, nikaandikisha maelezo. Askari wa kike alinisikiliza vizuri. Aliniuliza nguo ziko wapi. Nikasema zilifuliwa. Akauliza nani alikuwepo nyumbani, nani nilimwambia kwanza. Nikasema mama. Kalamu yake ikasimama. "Atakuja kutoa maelezo?"

Kwandu alinipigia siku ya pili yake. Sauti yake niliijua tangu utoto. Sauti iliyonibembeleza nilipougua surua.

"Umefurahi sasa?" akasema. "Unataka watoto wangu wakose baba?"

"Dada, alini..."

"Ulikuja kwangu kunisaidia, Minza. Kunisaidia!"

Akakata. Jioni watu wa kanisa lao walikuwa wameshaambiwa kwamba nilimtaka shemeji yangu na akanikataa.

Nilimwomba mama aje tukae kwa Veneranda, sisi watatu. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, aseme kwamba alikosea kufua zile nguo. Alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Veneranda alimsalimia kwa heshima, akamweleza kwamba hapa hakuna kesi, kuna kuzungumza tu. Mama akaangalia ukuta wa dirishani. Nilimuuliza kwa nini alinijibia kila mahali. Kwa nini alikaa na mimi kwenye mabenchi yote yale, anajua.

Alilaza kitenge chake magotini kwa viganja. Kisha akasema, "Nilikuwa najua kabla."

"Kabla ya nini, mayu?"

"Kabla hatujaenda. Tabia yake nilikuwa naijua. Kulikuwa na mwanamke, kibarua wa kupalilia. Alimfanyia. Kwandu aliniambia. Tukamfungashia yule mwanamke mahindi, tukamwambia arudi kwao."

"Nani na nani?"

"Mimi na dada yako."

Nilimwangalia Veneranda, kama vile angeweza kuyarudisha yale maneno. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ukajua," nikasema, "na asubuhi ile ukaniacha naye."

"Nilidhani kwa shemeji yake hawezi." Alianza kulia. "Nilidhani kibarua ni mtu baki. Nilidhani kwako atakuwa na haya."

Nilisimama nikatoka. Sikutapika, sikuanguka. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na ilikuwa kama nimetendewa mara ya pili, safari hii na watu wawili niliowapenda kuliko wote. Haikuwa kwamba Kwandu hakuniamini. Alijua. Aliponipokea Nkololo, akanikumbatia, akanionyesha mtoto, alijua ananiingiza kwenye mji wa mtu gani. Niliikata laini yangu ya simu nikanunua nyingine. Miezi mitatu sikumsemesha mama.

Katika miezi hiyo nilikuja kusikia kwamba mama anakuja hospitalini peke yake, kuzungumza. Niliingia kwa Veneranda nikamkabili. "Unamtibu mama yangu?"

"Si mimi. Ni mwenzangu," akasema. "Mimi ni wako."

"Amefanya nini cha kutibiwa? Mgonjwa ni mimi."

"Ndiyo. Na hakuna atakayekuambia vinginevyo."

Haikunitosha. Nilijiona kama nimenyang'anywa hata mahali pangu pa kulilia. Wiki mbili sikwenda. Naliandika hili kwa sababu ukisoma habari za watu waliopona unaweza kudhani wote walikuwa wapole. Mimi nilikuwa na kisirani. Nilimgombeza binti yangu, niliharibu gauni la bibi harusi, nilimwambia Masanja maneno ambayo alinisamehe bila kuombwa.

Mvua za vuli zilipoanza, yule askari wa kike alinipigia. Mama alikuwa amekwenda mwenyewe dawatini. Hakuna aliyemwita. Alieleza kuhusu maji ya moto na nguo alizozifua. Alieleza kuhusu kibarua, akataja jina lake na kijiji alikotoka. Yule mwanamke alitafutwa, akapatikana, akakubali kusema. Aliwaambia polisi kwamba alikuwa anasubiri tu mtu amuulize. Shemeji alikamatwa. Kesi ipo mahakamani na sitaisemea.

Mama amelipa. Kwandu hamruhusu kuwaona wajukuu, na kule Mwamapalala wapo wasiomsalimia, wanasema amemuuza mkwe wake. Watu huniuliza kama nimemsamehe. Huja kwangu Jumapili moja moja, tunakula, anamsuka binti yangu. Binti yangu simwachi naye peke yake. Mama ameliona hilo na hajasema neno. Siku moja tu, akiwa anavaa viatu aondoke, aliniuliza, "Bado, mwanangu?" Nikamwambia, "Bado, mayu." Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Kama wewe ndiye uliyetendewa, nenda mapema, na kama muda umepita, nenda hivyo hivyo. Mimi nilichelewa miezi na bado nilipokelewa. Kama wewe ndiye mama, au dada, au mume, usiinjike maji. Mshike mkono mwende. Na akiulizwa, mwache aseme.

Juzi nilikuwa naweka vifungo kwenye shati la mteja, simu ikaita, namba nisiyoijua. Nilipokea. Nilisikia mtoto akilia kwa mbali, kisha pumzi, na pumzi ile niliijua.

"Kwandu," nikasema.

"Huko mnakokwenda," akasema. "Ni kweli hawamwambii mtu?"

"Hawamwambii mtu."

"Na ni bure?"

"Bure."

Nilisubiri aseme pole, au aseme nisamehe. Hakusema. Mimi nami sikumwambia karibu, wala sikumuuliza amepatwa na nini. Nilimwelekeza geti, korido, na ule mlango usio na kibao, nikamtajia siku ambayo mimi siendi.